Kamba ya Bwana Shamba

Kwa miaka kumi nilikula, nilivaa na nikajenga kwa nyasi, na katika habari hiyo hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Nalisema mapema kwa sababu watu wa mtaani kwangu wakiiona nyumba hii, yenye vigae na kisima chake, hudhani Ulaya nilikuwa daktari au mwizi. Nilikuwa mkata nyasi. Tena mkata nyasi mwenye stashahada ya kilimo, niliyoipata kwa kusoma kwa kibatari, mtoto wa mama muuza vitumbua, bila mjomba serikalini. Stashahada hiyo ipo ukutani sebuleni, juu ya televisheni, na mgeni yeyote anaweza kuisoma akisubiri chai. Wengi hawaisomi. Wanatazama mpira.

Sijapata kuona, kabla ya London wala baada yake, watu wazima wenye akili zao wakipoteza nguvu nyingi hivyo kwa kitu kisicholiwa. Mwingereza wa kawaida ana kipande cha ardhi nyuma ya nyumba yake, ukubwa wa chumba cha darasa, udongo mweusi ambao babu yangu angeupigia magoti. Hapandi kitu. Anaotesha nyasi. Zikimea anazikata. Akishazikata anazitilia mbolea zimee tena, apate za kukata. Zilizokatwa anazifunga kwenye mfuko na kuzitoa nje zikachukuliwe na gari la taka, maana hana hata sungura. Kwetu mtu akianza mambo ya namna hiyo ndugu wanaitana, wanakaa kikao.

Nilikulia mahali ambapo uwanja wa nyumba ni udongo mtupu, umefagiliwa asubuhi mapema mpaka alama za ufagio zinaonekana kama nywele zilizochanwa. Nyasi zikikaribia mlango, jirani anakuja kuuliza kama humo ndani kuna mgonjwa. Kwa hiyo nilipofika London, miaka ya tisini, na kuona nyasi zinalelewa mlangoni kama mtoto wa kwanza, nilidhani watu hawa wana msiba.

Majira ya kuchipua ndiyo yalikuwa msimu wa wazimu wenyewe. Jumamosi ya kwanza yenye jua, mtaa mzima wa Edmonton ulinguruma mashine. Wanaume waliojifungia ndani tangu Novemba, miguu yao myeupe kama mihogo iliyomenywa, walitoka na kaptula na kuzikata nyasi mpaka udongo ukaonekana, wakati nyasi zenyewe ndiyo kwanza zinaamka. Baada ya mwezi mmoja uwanja umekuwa wa njano, na kuvumwani, ule mmea laini kama sufi unaopenda mawe yenye unyevu, umetambaa kila mahali. Hapo mwenye nyumba anasimama na kikombe chake cha chai, anailaumu hali ya hewa. Hajui kwamba mkato wa kwanza wa mwaka unapunguza ncha tu. Hajui kwamba nyasi zenye barafu ya asubuhi hazikanyagwi. Hajui kitu, na vitabu anavyo, vimepangwa kwenye rafu kwa kufuata urefu.

Mimi nilijua yote hayo, na kwa miaka mitatu hayakunisaidia. Nilikuwa ghalani, kulekule Edmonton, nikipanga maboksi. Msimamizi wangu alikuwa kijana aliyeacha shule, ana hereni sikio moja. Siku nilipomwonyesha stashahada yangu aliigeuza, akaangalia upande wa nyuma kama kuna kilichoandikwa huko pia, akanirudishia na kuniambia lori limefika. Sikumchukia. Nilimdharau tu, na dharau haimchoshi mtu kama chuki. Lakini niliapa kwamba sitazeeka nikiamriwa na mtu asiyejua mbegu inalazwa au inasimamishwa.

Aliyenifungulia mlango alikuwa Mtanzania mwenzetu ambaye sote tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu aliongoza chama chetu cha kusaidiana, kile cha misiba na harusi, na kwa sababu alipenda kuitwa hivyo. Alikuwa amefika Uingereza zamani. Alifanya kazi ofisini, kwenye halmashauri, mkewe alikuwa muuguzi, na nyumba waliyokaa ilikuwa yao wenyewe, katika safu ya nyumba zilizoshikana. Alikuwa Mwingereza kuliko Waingereza. Alikunywa chai isiyo na tangawizi na alikuwa na maoni kuhusu mvua. Binti yake, aliyezaliwa kulekule, anayekisikia Kiswahili lakini anakujibu kwa Kiingereza, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kizungu, na wazazi wa kijana walikuwa waje Jumamosi ya kwanza ya Juni kuonana na wakwe. Mwenyekiti alikuwa ameamua kwamba atawanywesha chai nyuma ya nyumba, juu ya nyasi, ili wajue kijana wao anaoa kwa watu.

Tatizo ni kwamba nyasi za Mwenyekiti zilikuwa aibu. Aliniambia hivyo mwenyewe, kwa sauti ya chini kama anayeeleza ugonjwa wa siri, tulipokutana kwenye sherehe ya ubatizo kule Barking, mashariki mwa London, mimi nikiwa na sahani ya pilau mkononi. Alikuwa amesikia kwamba nina elimu ya kilimo. Nani hakuwa amesikia? Akaniuliza kama elimu hiyo inafika kwenye nyasi. Nikamjibu kwamba aliyefundishwa kulisha taifa hashindwi kulisha kapeti.

Masharti yake yalikuwa mepesi kuelewa. Siku ya wakwe nyasi zikiwa kijani, sawasawa, bila kipara, angenikabidhi mtaa mzima. Alijuana na majirani wote, wengi wao wazee wasioweza tena kuinama, na neno lake kwao lilikuwa na uzito. Nikiharibu, hatanitaja kwa mtu. Nikaenda ghalani kuomba likizo bila malipo. Kijana wa hereni akasema nafasi yangu ataishika mpaka Jumatatu inayofuata Jumamosi ile ya wakwe, kisha akacheka, kwa kuwa alikuwa na hakika nitarudi. Basi mambo yalikuwa mawili tu: ama niwe mtu wangu mwenyewe, ama nirudi kwenye maboksi nikakisikilize kicheko hicho mpaka nizeeke.

Nilianza kazi wiki ya mwisho ya Aprili, maana majira ya mwaka ule yalichelewa. Mlango alinifungulia mama yake Mwenyekiti. Huyu alikuwa ameletwa kutoka vijijini Iringa tangu Machi ili aione harusi ya mjukuu wake. Alivaa koti zito la mwanawe juu ya kanga, soksi na kandambili, na alishinda peke yake nyumba nzima, wenyeji wakiwa kazini na televisheni ikimsemesha lugha asiyoijua. Nilimpa shikamoo. Aliitika, akaniuliza mimi ni nani wa mwanawe. Nikamweleza kazi iliyonileta na, kama ilivyo desturi yangu, shule niliyosoma.

"Kumbe Bwana Shamba," alisema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukachangamka. "Wetu alikuja na pikipiki. Wewe umekuja na nini?"

"Na basi, mama."

"Haya. Bwana Shamba wa basi."

Akanieleza habari za Bwana Shamba wao. Alikuwa mkali. Alikuta watu wanapanda mahindi kiholela, akawafokea mbele ya watoto wao, akawaletea kamba yenye mafundo ya kupimia, akawafundisha mstari na nafasi. Yeye mwenyewe Bwana Shamba aliivuta kamba, vijana wakatoboa mashimo kwa vijiti, na kina mama wakafuata nyuma na mbegu, wakitumbukiza na kufukia kwa kisigino. Mwaka ule, alisema, walivuna mpaka wakakosa pa kuweka. Alilisema hilo akiitazama ardhi ya mwanawe kupitia dirishani, nami nilidhani anakumbuka kwao tu.

Siku ya kwanza niliikata ile takataka juu juu, kisha nikashika reki na kukwangua kuvumwani. Ilitoka mifuko kumi na minne. Anayejua kazi hii anajua kwamba baada ya kukwangua, uwanja huonekana kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Mwenyekiti aliporudi jioni alisimama mlangoni na tai yake, akauliza kama nilikuwa na hakika na chuo changu. Nikamwambia arudi ndani.

Siku ya pili ilikuwa ya kutoboa. Udongo wa London ni mfinyanzi. Ukikanyagwa miaka yote hiyo unakuwa kama sakafu, maji yanatuama juu na mizizi haipati hewa. Dawa yake ni uma wa bustani: unauchomeka, unautikisa kidogo, unauchomoa, unarudi hatua moja nyuma, unachomeka tena, mpaka umemaliza uwanja wote. Waingereza hufanya kazi hii wakizungukazunguka kama kuku, hapa matundu manne, kule matundu manne. Mimi sikufundishwa kuzunguka. Nilipigilia kigingi huku na kigingi kule, nikavuta kamba. Kamba ile ilikuwa na mafundo, kwa sababu niliifunga mwenyewe jinsi mkono wangu ulivyozoea, na nilitoboa mstari baada ya mstari, matundu yamenyooka kama askari wa gwaride. Hakuna aliyeniomba nifanye hivyo, na nyasi hazijui mstari. Lakini kazi yangu haijapata kuwa ya kiholela, hata kwa kitu kisichostahili.

Mama alikaa dirishani siku nzima. Kila nilipoinua kichwa nilimwona amesimama, kisha amekaa, kisha amesimama tena. Mara moja alifungua mlango akaniuliza kama mashimo hayo si ya karibukaribu mno. Nikamjibu kwamba ni sawa kwa hapa. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayekubali kwamba kila nchi ina Bwana Shamba wake.

Kazi ya kutoboa ilikwisha saa tisa. Ilibaki kumwaga mchanganyiko wa mchanga na mboji na kuufagia uingie kwenye matundu, lakini mvua ilikuwa inanyesha nyepesi, na mchanganyiko uliolowa haufagiliki. Nikaufunika kwa turubai, nikapanda basi langu.

Kesho yake kulikuwa kukavu. Nilimwaga mchanga, nikaufagia kwa ufagio mgumu, nikafunika matundu yote, nikatawanya mbegu za nyasi kwenye vipara na mbolea ya kukuzia juu yake. Niliona alama za visigino hapa na pale. Nilidhani ni za binti wa nyumba, anayetembea akiongea na simu bila kuangalia anapokanyaga, nikamlaani kimoyomoyo pamoja na kizazi chake chote. Mama siku hiyo alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Alinipikia chai yenye tangawizi na akanipa viazi vitamu.

Mei ilikuwa nzuri. Nilikuja kila wiki, nikakata juu, nikamwagilia ilipobidi. Nyasi ziliitika kama nilivyoziagiza. Mwenyekiti alianza kunisalimia kwa kunipa mkono, na alikuwa tayari ameshanitaja kwa majirani wawili. Mimi nilikuwa nimeanza kutafuta bei ya gari dogo la mizigo. Kisha, karibu wiki tatu kabla ya wakwe, alinipigia simu Jumapili, baada ya ibada. Hakunisalimia. Alisema tu, "Njoo uone ulichopanda."

Niliyaona kabla sijafika mlango wa nyuma. Mahindi. Mistari sita ya mahindi, kila mche na majani yake mawili, mingine matatu, na katikati ya mistari, maharage, yamefungua vile viganja vyake vya kwanza. Sitasema uongo: jambo la kwanza nililolisikia moyoni lilikuwa fahari. Sijawahi kuona uotaji kama ule, wala kwenye shamba darasa la chuo. Nafasi ilikuwa sawasawa, sentimita sabini na tano kwa thelathini, kwa kuwa aliyepanda alijua kwamba mashimo yangu ni ya karibukaribu, akayachagua, akaruka yaliyozidi. Na mimi ndiye niliyezifukia mbegu zile kwa ufagio, nikaziwekea mbolea, na kwa wiki kadhaa nikazimwagilia maji.

Mwenyekiti alikuwa na tai ya kanisani. "Nilikupa gadeni," alisema, "umenirudishia Ismani."

Wasioijua Ismani waulize watu wa Iringa: ni mahindi mpaka macho yachoke. Akaendelea. Alisema nimechanganya mifuko ya mbegu, kwamba ndiyo maana nchi yetu haiendelei, kwamba kumbe stashahada zenyewe zinatolewa kama vocha. Nilivumilia mpaka hapo. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie aende akapange faili zake, mama yake alipotoka jikoni.

"Nimepanda mimi," alisema. "Bwana Shamba alivuta kamba, akatoboa mashimo, akaenda zake. Nikasema huyu ameniachia sehemu yangu."

Mwenyekiti alimweleza, taratibu, kama anamweleza mtoto, kwamba hapa si shamba, ni mahali pa kukaa tu na kutazama. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kama si shamba, kamba ilikuwa ya nini?"

Mwanawe aliniangalia mimi. Swali lilikuwa langu kwa haki. Mbegu zile alikuwa amekuja nazo kutoka kwao, zimefungwa kwenye pindo la kanga, chini kabisa ya begi, kwa sababu mtu wa kwao hasafiri kwenda kukaa mahali bila mbegu. Miezi miwili alikuwa akitafuta pa kuziweka.

Nilijaribu. Nalisema hili ili isidhaniwe kwamba sikujaribu. Nilimwambia Mwenyekiti kwamba naweza kuihamisha miche, niipange pembeni, kando ya uzio, itakaa kama ua, hata wageni wataipenda. Akajibu kwamba hakukaa nchi hii miaka ishirini ili wakwe wa Kizungu waje wamkute na mahindi kama mkimbizi. Kisha akapata wazo. Akasema haina haja ya maneno mengi, nipitishe mashine tu, nikate, yaishe.

Hapa ndipo elimu iliponiponza. Kama ningenyamaza nikapitisha mashine, mahindi yangechipua tena, kwa kuwa mche wa umri ule moyo wake bado uko chini ya udongo, kisu hakiufikii. Yangepata angalau siku chache. Lakini sijazoea kusikia mtu akisema jambo la kijinga kuhusu kilimo nikaliacha lipite. Nikamweleza, mbele ya mama yake, kwa nini kukata hakutoshi. Mwenyekiti alisikiliza kwa makini, akasema, "Basi ng'oa."

Nilikuwa na vitu viwili vya kuchagua, na vyote nilivijua vizuri. Kulikuwa na kicheko cha kijana wa hereni. Na kulikuwa na mtaa mzima wa nyasi. Nilipiga magoti nikaanza mstari wa kwanza.

Mahindi hung'oka kwa sauti ndogo, kama mtu anayevuta pumzi. Niliyashika karibu na udongo, mche mmoja mmoja, nisiache shimo kubwa, maana shimo lingekuwa kipara siku ya wakwe. Nilifanya kazi nzuri. Sijui kufanya nyingine. Mwenyekiti aliingia ndani kubadili nguo. Mama alibaki amesimama kwenye saruji na kandambili zake, mikono ndani ya lile koti, mpaka nilipofika mstari wa tatu, karibu na miguu yake.

"Bwana Shamba," aliniita, kwa sauti ya kuuliza tu, bila hasira. "Chuoni kwenu walikufundisha na kung'oa mahindi?"

Nimefanya mitihani mingi, ya nadharia na ya vitendo, na sikuwahi kurudisha karatasi yenye swali lililoachwa wazi. Hilo sikulijibu. Niliendelea kung'oa.

Nilipomaliza maharage alikuja na ungo, sijui aliutoa wapi Edmonton, akaniambia nisitie kwenye mfuko. Akaokota miche yote ya maharage, akachuma majani yake mororo, akaingia nayo jikoni. Nilikuwa nimeshaosha mikono na kuvaa koti langu aliponiita mezani. Palikuwa na ugali, na mboga ya majani ya maharage iliyokaangwa kwa kitunguu, kidogo kama kijiko cha dawa, maana miche ilikuwa michanga. Ilikuwa sahani moja tu.

"Kula," alisema. "Ndiyo mavuno yako."

Nilikula. Mtu wa kwetu hakatai chakula cha mtu mzima, hata kama ni adhabu. Naye alikaa mbele yangu mpaka nilipomaliza, kisha akachukua sahani akaenda kuiosha.

Siku zilizobaki nilizitumia kuziba na kulainisha, na Ijumaa, siku moja kabla ya wakwe, nyasi za Mwenyekiti zilikuwa hazina mfano mtaa mzima. Nilizikata kwa mistari, mmoja wa kwenda mmoja wa kurudi, zikang'aa kwa vivuli viwili kama kanga mpya. Hata ningeonyeshwa picha yake leo ningeitambua kazi yangu. Jumamosi nikaambiwa nije, nipite huku na huku kama jamaa wa familia, ili nikiulizwa nieleze.

Mvua ilianza saa nne asubuhi na haikukatika mpaka wageni walipoondoka. Walikaa sebuleni, magoti yamegusana, wakila sambusa na kusifu ukubwa wa televisheni. Viti vya kukodi vilivyopangwa juu ya nyasi vilijaa maji. Mwenyekiti aliwaongoza wageni dirishani mara tatu, kwa visingizio mbalimbali. Mara ya tatu baba wa kijana alitazama nje kidogo, kwa adabu, akasema kwamba yeye bustani yake aliifunika kwa matofali mwaka juzi ili apate pa kuegesha gari, na tangu hapo anapumzika Jumamosi. Mwenyekiti alicheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. Mama alikuwa amekaa kwenye kona na kitenge kipya. Hakuelewa maneno, lakini aliyafuata macho ya yule Mzungu mpaka dirishani, akautazama uwanja ule mtupu wa kijani ambao mtu hata mmoja hakuwa ameukanyaga, kisha akanitazama mimi. Nilitoka nikaenda kukinga viti.

Mwenyekiti ni mtu wa neno lake, lazima niseme. Jumatatu ile sikwenda ghalani. Alinipeleka kwa majirani kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, na wote wakanikubali. Baada ya miaka miwili nilikuwa na gari langu la mizigo, na baada ya mitano nilikuwa na watu wawili chini yangu, Wakongo wawili wachapakazi, na wateja mpaka Neasden, upande mwingine wa jiji. Nilipitia hapo ghalani mara moja, makusudi, nikaegesha nje, nikala sandwichi yangu polepole. Kijana wa hereni alikuwa bado yupo, amenenepa. Tangu siku ile ya mahindi sikuwahi tena kutoboa nyasi kwa kamba. Nilizungukazunguka kama kuku, matundu manne hapa, manne kule, kama wao, na hakuna mteja aliyeona tofauti.

Mama alirudi Iringa baada ya harusi. Nilikwenda kumuaga. Nilimpa shikamoo, akaitika vizuri, akasema, "Haya, Bwana Shamba wa basi," akageukia mizigo yake. Begi lilikuwa jepesi kuliko lilivyokuja.

Sasa nimerudi, nimejenga, na nilichokimbia Edmonton nimekikuta hapa. Wastaafu wenzangu wa mtaa huu wameleta nyasi. Wanazitandaza mbele ya nyumba kama jamvi la msiba, wanaweka ubao wa kukataza watoto, na kiangazi kikiingia wananunua maji ya boza, lile lori la tangi, kwa ajili yake, huku wake zao wakipanga ndoo. Jirani yangu, aliyekuwa mkubwa bandarini, alikuja mwaka huu kuniuliza kwa nini mimi, mtaalamu wa Ulaya, uwanja wangu ni mahindi mpaka kwenye ukuta wa baraza. Alisema ninaharibu sura ya mtaa. Akataka pia nimsaidie, maana nyasi zake zimekuwa ngumu, maji hayaingii, na amesikia kuna kazi fulani ya kutoboa.

Nikamwambia kazi hiyo naijua kuliko mtu yeyote kuanzia hapa mpaka uwanja wa ndege. Nitakuja na kamba yangu, nitatoboa kwa mstari. Yeye atafute mke, dada, mama, yeyote, afuate nyuma na mbegu za mahindi, maana siku hizi sitoboi shimo nikaliacha wazi. Alicheka, akadhani namtania, na hajaniita tena. Nyasi zake zimekufa upande wote wa magharibi kwa sababu anazikata fupi mno, kosa lilelile la Edmonton. Nazitazama jioni kutoka barazani, hindi langu likiwa kwenye mkaa.